Wasomaji Wawili na Uzio wa Mafunjo

Asembo Bay
11 Februari 1996

Nyakwara Beldina,

Mimi babu yako Joram Obiero, miaka yangu sabini na nane. Nimezika wake wawili na watoto wangu wote, baba yako akiwa wa mwisho. Nimezika machifu, nimezika kila fundi wa mashua aliyewahi kusema ananishinda, na lile gati la chuma ambalo wazungu walisema halitakufa limekufa mimi nikiangalia. Bado nainua ubao peke yangu.

Barua hii naandika mwenyewe. Herufi nilijifunza kwa kuchonga majina kwa pua ya mashua, ndiyo maana zangu ni kubwa. Hazijifichi.

Ukinijibu, andika Kiswahili, usiandike Dholuo. Sababu ni hii. Barua yako naisoma kwanza mwenyewe, pole pole, kama mtu anavuta wavu wa zamani asiurarue. Halafu nampa Milka, mke wa katekista, anisomee kwa sauti. Halafu naipeleka kwa duka ya Wamaitha, yule mama wa kutoka Nyeri, naye asome, na Dholuo yeye hasomi. Milka na Wamaitha hawajasalimiana tangu ile maneno ya jogoo. Moja akiongeza neno, mwingine hawezi kulijua. Wakisoma sawa, basi ni wewe umesema. Mtu moja tu akikusomea barua, huyo ndiye ameiandika.

Sasa nimesikia kitu. Seline anayepeleka samaki Kisumu, na ndiye anabeba barua hii, anasema katika ofisi yenu huko Milimani kuna mwanaume anaitwa Kinyua. Ati amekuletea mfuko wa zana za kompyuta, na hataki kitu. Beldina! Zana ya kwanza fundi hupewa na baba yake ama na mwalimu wake. Mtu mwingine akikupa bure, jiulize anataka kuchonga nini.

Mimi niko sawa. Ouma, mjukuu wa marehemu ndugu yangu, anazunguka uzio wangu kila asubuhi, ati anatafuta mbuzi. Ni mbuzi gani huyo anapotea kila siku mahali pamoja?

Ni mimi mwenyewe,
Joram Obiero, fundi wa mashua

*

Kisumu
2 Machi 1996

Kwara mpendwa,

Nakusalimu sana, nawe Mama Milka, na wewe Mama Wamaitha, kila mmoja kwa zamu yake.

Seline amesema kweli, ila ameikata kichwa na mkia. Ngoja nikueleze yote.

Ofisi yetu inachunguza samaki na hili gugu maji linalofunika ziwa. Kazi yangu ni kuandika programu, yaani maagizo ya kuiambia kompyuta ihesabu vipi. Nayaandika kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Lakini mashine yenyewe haiyaelewi maneno hayo. Lazima kuwe na programu nyingine ya kuyageuza yawe lugha yake. Hiyo tunaiita kompaila. Ndiyo tezo yangu, Kwara. Bila hiyo ninakaa mbele ya gogo tu.

Kompaila ya ofisi ilinunuliwa ikiwa imefungwa kwenye boksi. Inakosea. Nikiipa hesabu za gugu maji inanirudishia upuuzi, na siwezi kuifungua nione imekosea wapi. Tuliuziwa mashua iliyokwisha kupakwa rangi. Bwana Waliaula, mkubwa wangu, anadhani anayekosea ni mimi. Amesema ramani ya gugu isipotoka kabla ya mwisho wa mwaka ataajiri mwingine.

Zacchaeus Kinyua anatengeneza mashine za ofisi. Ameniletea diski zenye kompaila nyingine, pamoja na maandishi yake yote ya chanzo, mstari kwa mstari, kama mafundi wake walivyoyaandika. Mafundi hao wametawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana. Wanasema: chukua, soma, ijenge mwenyewe kwenye mashine yako, irekebishe, mpe na mwenzako. Sharti lao ni moja: ukimpa mwenzako, mpe na maandishi, usimfiche.

Kuijenga si mchezo. Kwanza inaihoji mashine: una hiki? una kile? Mashine inajibu ndiyo, hapana, ndiyo. Jana ilisimama kwa sababu ilitaka programu ndogo ambayo sina. Nikaitafuta hiyo, nayo ikataka nyingine ijengwe kabla yake. Ni kama boma la kwetu: mdogo hawezi kusimamisha nyumba kabla ya mkubwa wake. Nikarudi nyuma kuanza na mkubwa.

Kinyua hataki kitu. Naye alipewa hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Beldina

*

Asembo Bay
20 Machi 1996

Nyakwara,

Milka amesoma, Wamaitha amesoma, wamesoma sawa. Wamaitha alicheka pahali pa salamu, Milka alinuna.

Sikiza nikuambie. Mgeni akiingia kwa nyumba, kabla ya kukaa anauliza mwenye nyumba, una ng'ombe? una redio? mlango wa nyuma uko wapi? huyo si mgeni. Huyo anahesabu ya kuiba. Na wewe umekaa hapo ukifurahi mashine ikijibu ndiyo, hapana, ndiyo!

Tena hao mafundi. Nimekuwa fundi tangu kabla mama yako azaliwe. Fundi anaweza kukupa mashua. Anaweza kukupa samaki, anaweza kukupa hata binti. Vipimo vyake hakupi. Kwa nini nina uzio? Kila mashua naijenga nyuma ya mafunjo, mita mbili kwenda juu, nimeyasuka hata jicho halipiti. Watu wa bichi wanasema huko ndani kuna dawa ya mganga. Wanasema hata kuku wangu wamerogwa, maana hawatoki pale. Wacha waseme. Mashua ya Joram Obiero haijawahi kufunguka majini, na wao wanasimama nje wakitazama mashua iliyokwisha, wanapima kwa vidole, wanarudi kujenga sufuria.

Sasa nimekaa nimefikiri, na hii ndiyo nimeona. Ouma alikuja kwangu mwezi wa kwanza akasema, Mzee, nionyeshe, utakufa nayo. Nikamfukuza. Mwezi wa tatu barua yako inakuja na hadithi tamu ya mafundi wanaoonyesha watu vipimo bure. Mimi si mtoto. Nani amekutuma?

Joram Obiero

*

Kisumu
14 Aprili 1996

Kwara,

Salamu kwako, na kwa Mama Milka na Mama Wamaitha. Hakuna aliyenituma. Nilikueleza kazi yangu kwa sababu uliniuliza.

Na wewe una haki kushuku, hata sisi tunashuku. Unajua kompaila hii mpya inajengwa na nini? Inajengwa na ile ya zamani, ile ya boksi, kwa sababu sina nyingine. Kwa hiyo wenyewe walioiandika wameweka utaratibu. Ya zamani inaijenga mpya. Halafu ile mpya inapewa maandishi yale yale, inajijenga upya yenyewe, bila mkono wa ya zamani. Halafu hiyo iliyotoka inajenga tena. Mbili za mwisho zinawekwa pamoja na kulinganishwa, herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata kidogo, tunatupa zote. Ni kama Mama Milka na Mama Wamaitha.

Nilimwuliza Kinyua, je, kama ya zamani ina ubaya uliojificha ndani yake, hauwezi kurithiwa? Akakuna kichwa, akasema twende tunywe chai.

Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati, yote ikapotea. Mara ya pili diski moja ilikuwa mbovu. Mara ya tatu ilinigomea ikitaka nafasi zaidi, nikafuta michezo yote ambayo Bwana Waliaula huicheza akijifanya anaandika ripoti. Hajui bado.

Gugu limefika hadi karibu na bandari. Meli inanguruma na haisogei. Ukilitazama kutoka juu huku Milimani utadhani ni shamba la mtu.

Mjukuu wako,
Beldina

*

Asembo Bay
1 Mei 1996

Beldina,

Barua yako ina maneno mengi. Umeniambia ya umeme, umeniambia ya diski, umeniambia ya meli. Nilikuuliza kama Ouma ndiye amekutuma, ukajibu "hakuna". Jina la Ouma hukulitaja. Nilimwambia Milka atafute Ouma ndani ya barua, hakuna. Nikamwambia Wamaitha atafute, hakuna. Watu wawili wasiopendana hawawezi wote kukosa kuona kitu kimoja.

Wamaitha ameniambia pia kitu bila mimi kuuliza. Kabla ya Pasaka Ouma aliondoka hapa na gari ya samaki, amevaa shati ya kanisa. Seline alikuwa kwa gari hiyo. Nimemwuliza Seline, akaanza kuniambia bei ya omena. Ouma amerudi anapiga mluzi. Sasa anajenga mashua kubwa pale chini ya ule mti mkubwa wa bichi, mashua ya injini, na hakuna mtu wa bichi ameiagiza. Nimeuliza wote.

Wewe ukiwa mdogo nilikuingiza nyuma ya uzio unishikie mwisho wa ubao. Hakuna mwingine aliyeingia, hata bibi yako. Umeona. Kama umemwambia, sema umemwambia. Mimi vipimo vyangu nitachomea chai, halafu nife, na mbaki na sufuria zenu.

J. Obiero

*

Kisumu
19 Mei 1996

Kwara,

Salamu kwenu nyote watatu, kila mmoja kwa zamu. Nilinyamaza kwa sababu Bwana Waliaula alitukataza kusema kabla mashua haijafika. Sasa itafika wiki ijayo, basi nasema.

Ofisi ilitaka mashua ya kwenda kupima gugu. Nilitaja jina lako, mbele ya wote. Bwana Waliaula akasema Mzee Obiero huchukua mwaka mzima, na haruhusu mtu kuona kazi ikiendelea, na serikali haiwezi kungoja nyuma ya mafunjo. Akamwagiza Ouma.

Ouma alikuja hapa Kisumu, ndiyo. Alikaa kwenye ngazi ya chumba changu huku Obunga, na shati lake la kanisa, akaniambia, "Dada, wewe peke yako uliingia. Niambie tu kitu kimoja. Najenga kama yake, nje ni sawa kabisa, lakini roho haitulii." Nikamwambia siyo yangu kutoa. Akasema, "Basi tutazama ukiwa umefunga mdomo." Nikampa chai akaenda.

Sikumwambia, Kwara. Hilo liandike kwa herufi zako za mashua.

Ila nitakuambia na hili. Wiki chache baadaye, nikiwa ofisini, kompaila ilimaliza kujijenga. Mbili za mwisho zililingana. Niliipa hesabu za gugu ikanitolea jibu safi, na Kinyua akapiga meza kwa furaha hadi chai ikamwagika. Nikafikiri juu ya wale mafundi ambao hawajui kama mimi nimezaliwa, nikamfikiria Ouma kwenye ngazi. Sikufurahi nilivyotaka.

Ramani itatoka. Kilichobaki ni kwenda majini kuhakikisha. Nitakuwa ndani ya mashua hiyo mwezi wa sita.

Beldina

*

Asembo Bay
30 Mei 1996

Beldina,

Mashua ya Ouma imepita hapa jana ikienda Kisumu, imepakwa rangi ya bluu, watu wakipiga vigelegele. Niliingia majini hadi kiunoni nikaishika, nikaangalia maungio yake. Yamebanana kama meno.

USIPANDE.

Sababu iko, lakini siwezi kuiandika. Seline anabeba, bahasha haina kufuli, na huyo Kinyua yuko. Nimesema usipande. Mimi Joram Obiero nikisema mashua, nimesema.

J. O.

*

Kisumu
8 Julai 1996

Kwara mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Niliumia mkono wa kulia, mlango wa ofisi ulinibana. Bwana Kinyua ananiandikia ninayoyasema. Ramani imetoka vizuri na Bwana Waliaula ameridhika, nitabaki kazini. Samahani nimechelewa kujibu. Usiwe na wasiwasi.

Beldina

*

Asembo Bay
15 Julai 1996

Kwa mtu anayeshika kalamu,

Nimeisoma mwenyewe. Milka amesoma, Wamaitha amesoma. Sawa, wote wamesoma sawa. Lakini wawili wakisoma uongo mmoja sawasawa, bado ni uongo. Wao wanapima msomaji. Mwandishi nani anampima?

Beldina hunisalimia Milka na Wamaitha. Hapa hakuna salamu. Beldina barua yake ni ndefu hata inachosha. Hii inaisha kabla nitafute miwani. Mlango gani wa ofisi unabana mkono wa mtu mzima? Na mashua je? Nilisema usipande, hakuna jibu, alipanda au hakupanda? Seline nikimwuliza anainama kufunga viatu, na amevaa ndala.

Kwa hivyo wewe Kinyua, kama umemfungia mjukuu wangu mahali, jua hivi. Nina miaka sabini na nane na nina tezo, na Kisumu najua njia.

Kama yuko hapo kweli, mwulize hii, na uandike jibu lake. Nyuma ya uzio, kabla ya kupigilia misumari, nilikuwa naweka nini kati ya ubao na ubao? Dunia nzima anajua mtu mmoja tu, na mimi.

Joram Obiero

*

Kisumu
24 Julai 1996

Kwara,

Nakusalimu, nawe Mama Milka, na wewe Mama Wamaitha, kila mmoja kwa zamu.

Swali lako nimelisikia. Najua jibu. Sitalisema, kwa sababu mkono unaoandika si wangu, na wewe ulinikataza nikiwa hata sijaota meno ya utu uzima. Kinyua amekaa hapa kalamu mkononi, anangoja, na atangoja sana. Mkono wangu ukipona nitakuandikia mwenyewe. Ukitaka kuamini kwamba nimefungiwa, basi amini. Jibu sitoi.

Beldina

Mzee Obiero, hapa chini naandika mimi, Zacchaeus Kinyua, na hajaniambia niandike. Amelala. Hakuna mlango. Alipanda, kwa sababu bila yeye kwenda majini ramani isingekubaliwa, na wewe hukumwambia sababu ya kumzuia. Mashua ilikuwa imekaa majini karibu mwezi. Karibu na kisiwa cha Ndere, katikati ya gugu, ilianza kulia. Hivyo ndivyo alivyosema Ouma, "inalia." Halafu misumari ikaanza kuchomoka yenyewe, na ubao wa tatu kutoka chini ukafunguka kwa urefu wote. Mkono wa Beldina ulibanwa kati ya ubao na injini. Mashua ikazama. Ouma alikuwa kwenye usukani. Ndiye aliyemshika akamvuta juu ya gugu, wakalala juu yake kama juu ya kitanda hadi wavuvi walipowafikia. Wengine wote wako salama. Mkono ulivunjika mara mbili, daktari anasema vidole viwili huenda visirudi kufanya kazi. Alituapisha sote, na Seline pia, tusikwambie. Alisema ungedhani amekulaumu.

Hakulaumu. Mimi ndiye ninayekulaumu, kidogo.

Z. Kinyua

*

Asembo Bay
20 Agosti 1996

Nyakwara Beldina,

Bahasha hii sikuifunga. Seline asome akitaka, na dereva asome.

Barua ile ilisomwa na Milka kwanza. Alipofika kwa mashua akanirudishia, akasema macho yanauma. Nikaenda kwa Wamaitha. Alisoma hadi mwisho bila kuruka, halafu akafunga duka mchana kweupe. Jioni nilimwona Wamaitha kwa mlango wa Milka. Hawakusalimiana, lakini alikuwa mlangoni.

Ulipokataa kujibu, hapo ndipo nilijua ni wewe. Mwongo angejaribu. Angesema dawa, angesema mafuta, angesema damu ya jogoo. Kinyua angekuwa amekufungia, angekupiga useme kitu. Mtu anayejua na anakataa, huyo nilimlea mimi. Mwambie Kinyua simwogopi kwa lile neno lake la mwisho. Lakini mwambie nimelisoma.

Ouma alikuja. Alisimama nje ya uzio, na safari hii hakutafuta mbuzi.

"Mzee," akasema, "nimeirudia kichwani kila ubao. Sioni nilikosea wapi."

"Hukukosea mahali panaonekana."

"Basi niambie mahali hapaonekani."

"Ndiyo nikuambie wewe peke yako? Kesho useme wewe ndiye Obiero?"

"Mzee, dada yangu alikuwa ndani ya ile mashua!"

"Mjukuu wangu pia," nikasema. Akaanza kulia, mtu mzima na ndevu. Sikulia. Mimi silii mbele ya mafundi.

Nikamwambia nenda umwite Wepukhulu. Unamjua, yule Mbukusu anayejenga mwisho wa bichi, ambaye yeye na Ouma hawaongei tangu waligombania gogo. Ouma akasema, "Huyo? Afadhali nizame tena." Nikamwambia basi zama. Akaenda kumwita.

Walipofika nilichukua tezo nikakata kamba za uzio mbele yao. Mafunjo yalianguka, watu wote wa bichi wakasogea. Nikaweka mti wa chini, nikaweka ubao wa kwanza, nikatia mkono mfukoni nikatoa mtama. Nikapanga punje juu ya ukingo wa ubao, moja hapa, moja pale, nikalaza ubao wa pili juu yake, ndipo nikapigilia. Punje zinashika pengo, pamba na lami zinalala ndani yake.

Wepukhulu akashika kiuno. "Mtama? Mzee! Miaka yote tunasema ni mganga!"

"Nilitaka mseme."

"Na kuku?"

"Kuku wanakula mtama. Mlitaka wale nini?"

Walicheka wote isipokuwa Ouma. Yeye alikuwa anaangalia lile pengo, na niliona limemwingia. Ubao mkavu ukinywa maji unanenepa. Ukiupigilia ukiwa umebanana, ukinenepa uende wapi? Unasukuma mwenzake, mwenzake anasukuma msumari, msumari unatoka. Ukiacha nafasi ya punje, mbao zinakutana zenyewe majini, zinashikana. Na zikishashikana pengo halionekani tena. Ndiyo maana ukipima mashua iliyokwisha utadanganyika maisha yako yote. Ouma aliiga nilichomaliza. Nilivyoanza hakuona.

Sasa sikiza nilivyofanya, utafurahi. Nilijenga upande mmoja Ouma akiangalia. Halafu Ouma akajenga, Wepukhulu akiangalia, na mimi nimefunga mdomo, kazi ngumu kuliko ya mbao. Halafu Wepukhulu akajenga peke yake. Tukaweka ya Wepukhulu kando ya ya Ouma tukalinganisha, kama ile kompaila yako. Hazikulingana. Ouma alikuwa ametumia mahindi, ati mtama umeisha, kuku wamekula! Nikasema vunja zote mbili. Walinitukana kwa lugha mbili. Wakajenga tena. Zikalingana.

Nilikuwa nasema hao mafundi wako ni wajinga, wanatoa vipimo. Nimekaa nimefikiri tena. Si wajinga, na usiniambie ati wana roho nzuri, sijawaona. Hao ni watu wa kushuku kama mimi. Kitu kikikaa kwa kichwa ya mtu mmoja, huyo mmoja anaweza kufa nacho, ama akikiharibu nani atajua? Kikiwa wazi, kila adui anamchunga mwenzake. Ouma akibadilisha, Wepukhulu atapiga kelele hadi Uyoma. Wepukhulu akibadilisha, Ouma atakuja kuchoma bichi. Mimi naweza kwenda kulala. Ndiyo sababu nimekata uzio, usiende kuambia watu ati nimekuwa laini. Na sharti nimewapa lile lile lenu: ukimfundisha mtu mashua, mfundishe na punje.

Vidole vyako viwili, nimesikia. Neno la hapo sina. Nimekuchongea kipande cha mti wa kushika, umbo la kiganja, uwe unakifinya kila siku mpaka vikumbuke. Seline anakileta. Kinyua aje hapa na wewe ukipona, nimwone uso. Bado simwamini. Aje na mtu asiyempenda.

Ofisi yenu inataka mashua nyingine. Mwambie Bwana Waliaula inajengwa, wazi, aje aone kazi ikiendelea mpaka achoke. Ouma na Wepukhulu wanaijenga pamoja, kila mmoja upande wake, hawasemezani. Ukifika utapanda. Mimi nitakuwa ndani, nimekaa juu ya ubao wa tatu.

Na anayesema haya nimetunga, aende kwa Ouma amwulize, halafu aende kwa Wepukhulu, kila mtu peke yake. Wakisema sawa, ni kweli. Wakitofautiana, kuku wangu wapo, wamekuwa wanono.

Ni mimi mwenyewe,
Joram Obiero, fundi wa mashua